Ruzuku ya utafiti ya chuo kikuu kwa mradi wa ngoma: andiko liandikwe vipi ili lisiitwe tamasha?

MhadhiriMsaidizi_Sanaa aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa sanaa za maonyesho katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Chuo chetu hutoa wito wa maandiko kwa ajili ya ruzuku ya ndani ya utafiti, na safari hii ninakusudia kuomba fedha kwa mradi unaohusu muheme, ngoma ya Wagogo ambayo hupigwa na wanawake, wakiwa wameibana ngoma kati ya mapaja huku wakiimba. Nia yangu ni kukaa na kikundi kimoja cha wanawake wilayani Chamwino, kujifunza kwao mipigo na mpangilio wa uchezaji, kisha kutunga pamoja nao onyesho la jukwaani litakaloonyeshwa kwanza kijijini na baadaye chuoni.

Kinachonikwamisha ni fomu yenyewe, ambayo kwa kila dalili iliandikwa na watu wa maabara. Inataka nadharia tete (yaani dhana itakayopimwa), ukubwa wa sampuli, vifaa, matokeo yanayopimika na idadi ya makala zitakazochapishwa, lakini haina hata mstari mmoja wa kueleza onyesho. Mwenzangu wa idara hiyohiyo aliwahi kuomba ruzuku kama hii kwa mradi wa muziki, na andiko lake likarudishwa likiwa na maoni mafupi kwamba huo haukuwa utafiti bali ni tamasha. Sitaki kuuficha utunzi wangu ndani ya lugha ya sayansi ya jamii, kwa sababu utunzi ndio kiini cha kazi, lakini pia sitaki kurudishiwa jibu la namna hiyo.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, jopo la tathmini hutazama nini linapoamua kwamba kazi ya sanaa ni utafiti au si utafiti? Pili, bajeti ya mradi wa namna hii hupangwaje, hasa malipo ya akina mama hao, ambao si watumishi wa chuo na wengi wao hawana akaunti za benki?

---

MzeeWaJukwaa alijibu:

Marahaba, mwalimu. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa vipindi kadhaa, kwa hiyo nitakueleza jinsi maandiko yanavyosomwa, si jinsi ambavyo yangepaswa kusomwa.

Wajumbe wengi wa jopo hawana chuki na sanaa. Wana kipimo wanachokifahamu, na kipimo hicho kina historia. Mwongozo wa Frascati, ambao hutolewa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo na ambao mataifa mengi huutumia kuamua kipi kihesabiwe kuwa utafiti, ulitoa toleo jipya mwaka 2015, na humo sanaa imegawanywa katika mafungu matatu: utafiti unaofanywa kwa ajili ya sanaa, utafiti unaofanywa juu ya sanaa, na usanii wenyewe. Fungu la tatu, yaani onyesho kwa maana ya onyesho, kwa kawaida halihesabiwi kuwa utafiti. Mwongozo huohuo unataka kazi iwe na jambo jipya, iwe ya kibunifu, iwe na mashaka juu ya matokeo yake, ifuate utaratibu, na izae kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukipokea na kukiendeleza. Mjumbe wa jopo anayetoka kitivo cha uhandisi huenda hajawahi kuusoma mwongozo huo, lakini kipimo chake ndicho hicho.

Sasa litazame andiko lako kwa jicho hilo. Ukiandika kwamba utajifunza muheme kisha utatunga onyesho, umeeleza kazi ambayo mwisho wake unajulikana tangu mwanzo, nayo ni onyesho. Palipo na mashaka ndipo penye utafiti, na katika mradi wako mashaka yapo tele, ila hukuyataja. Uwanjani kijijini watazamaji huzunguka, wengine huingia kucheza, na anayeongoza ngoma huwasoma wenzake kwa macho na kwa sikio kabla ya kubadili mpigo. Ukiwahamishia akina mama haohao kwenye jukwaa la ukumbi wa chuo, watazamaji wamekaa upande mmoja, gizani, mita kadhaa mbali, mawasiliano hayo yanageuka kuwa nini? Mbinu zipi huvunjika, zipi hubuniwa papo hapo, na wapigaji wenyewe huzielezaje? Hilo ni swali ambalo huwezi kulijibu kwa dodoso wala kwa kukaa maktabani. Ni lazima onyesho litungwe, lijaribiwe, libomolewe na kutungwa upya, na kila hatua iandikwe na kurekodiwa. Ukilipanga hivyo, utunzi unakuwa mbinu ya utafiti, na onyesho linakuwa sehemu ya ushahidi. Hujaficha chochote.

Kuhusu nadharia tete, ikiwa mwongozo wa wito unaruhusu, weka maswali ya utafiti mahali pake na ueleze kwa sentensi mbili kwa nini umefanya hivyo. Kuhusu sampuli, usiandike asilimia. Andika kwamba kikundi kimoja kimeteuliwa kwa makusudi, toa vigezo vya uteuzi, na eleza utakutana nacho katika vipindi gani.

Usiache pia kuonyesha kwamba mbinu hii ina nasaba katika vyuo vyetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi ya ukumbi wa maonyesho kwa maendeleo pamoja na wanakijiji. Wanakijiji ndio walioyachambua matatizo yao na kuyatungia michezo. Mwaka 1996 idara hiyohiyo ilianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa shule za sekondari waliyachunguza na kuyaigiza mambo yanayowakwamisha katika masomo, na baadaye mradi huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, shirika linaloshughulikia elimu ya wasichana barani. Mjumbe akikwambia kwamba kutunga na wanakijiji si utafiti, atakuwa anabishana na kazi ambazo zimeshaandikiwa vitabu.

Ukitaka ushahidi wa kisera kutoka barani, Afrika Kusini ina sera ya mwaka 2017 ya kutathmini kazi za ubunifu zinazozalishwa na vyuo vikuu vya umma, na kwa sera hiyo maonyesho, utunzi wa muziki na kazi za sanaa za ufundi hupitiwa na wataalamu wenza na kuhesabiwa katika ruzuku ya serikali kwa vyuo. Kwetu hatujafika huko, na sioni haya kusema kwamba ni aibu kidogo, ukizingatia tulivyotangulia katika kazi zenyewe. Hata hivyo, rejeo moja la sera hiyo katika sehemu ya matokeo tarajiwa humsaidia mjumbe mwenye nia njema kukutetea ndani ya kikao.

Jambo la mwisho kwa leo ni mapitio ya machapisho. Maandiko mengi ya sanaa huanguka hapa kwa sababu mwandishi hudhani kwamba ngoma haijaandikiwa kitu. Muziki wa Wagogo umeandikiwa, na pia umerekodiwa: Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na rekodi zake, zikiwemo za Wagogo, zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo ipo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Sikiliza ulichoachiwa kabla ya kudai kwamba kuna pengo, kisha lionyeshe pengo lenyewe lilipo.

---

Hesabu_za_Miradi alijibu:

Habari za kazi. Mimi ninashughulikia fedha za miradi katika chuo kingine cha umma, na nitajibu swali la pili kwa sababu ndilo linalowatia watafiti wa sanaa matatani hata baada ya andiko kupita.

Fahamu kwanza kwamba ruzuku ya ndani haikabidhiwi mkononi mwako. Inakuwa kifungu katika bajeti ya chuo, na kila shilingi hutoka kwa utaratibu wa fedha za umma. Kwa safari za uwandani utaomba masurufu, yaani fedha za matumizi unazopewa kabla ya safari, na masurufu ni lazima yarejeshwe kwa vielelezo ndani ya muda uliowekwa, la sivyo yatakatwa kwenye mshahara wako. Mnunuzi wa vifaa ni chuo, si mtafiti, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 ununuzi wa taasisi za umma umehamia kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Hapa ndipo penye tatizo la watu wa sanaa. Fundi wa ngoma wa kijijini hajasajiliwa katika mfumo huo na hana mashine ya risiti za kielektroniki. Ukiandika kwenye bajeti “ununuzi wa ngoma kumi”, ombi lako linaweza kwenda kwa mzabuni wa mjini atakayekuletea ngoma za kuuzia watalii. Zungumza na kitengo cha ununuzi kabla ya kuwasilisha andiko, uulize ni njia ipi ya manunuzi madogo inayokubalika kwa chuo chenu, na kama kukodi ngoma za kikundi chenyewe kama sehemu ya huduma yao kutakuwa rahisi zaidi. Mara nyingi huwa rahisi zaidi, na akina mama hubaki wakipiga ngoma walizozizoea.

Kuhusu malipo, usiwaandike katika kifungu cha posho ya washiriki wa utafiti. Posho ya mshiriki ni shukrani ndogo kwa mtu aliyejibu maswali, na wakaguzi wa hesabu hushtuka wakiona mshiriki mmoja analipwa mara kumi na mbili. Waandike kuwa watoa huduma za kitaalamu za kisanaa, kwa mkataba mfupi kati ya chuo na kikundi, wenye idadi ya vipindi vya mazoezi, idadi ya maonyesho, kiwango cha kila kipindi na haki za rekodi. Malipo ya huduma yana kodi ya zuio, inayokatwa kabla mtu hajalipwa, ambayo kwa mtoa huduma mkazi ni asilimia 5, na ni bora waelezwe mapema ili siku ya malipo wasione kwamba umewapunja. Ikiwa kikundi kina usajili na akaunti, lipa huko kwa makubaliano ya wanachama wote. Ikiwa hakina, omba idhini ya maandishi ya kulipa kila mmoja kwa simu, na uwe na hati ya malipo yenye majina, kiasi, sahihi au dole gumba, ikishuhudiwa na mtendaji wa kijiji.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30, na fedha za ruzuku mara nyingi huingia ukiwa umeshasonga mbele. Ngoma za uwandani zina msimu wake, kwani wakati wa kilimo hakuna mama atakayeacha shamba kwa ajili ya mazoezi. Mpangokazi unaosema “mwezi wa kwanza hadi wa tatu: uwandani” bila kutaja miezi yenyewe unaonyesha kwamba mwandishi hajafikiria hilo. Taja miezi ya baada ya mavuno, na uweke kazi za maktaba, za maadili na za vibali katika miezi ya kusubiri fedha.

---

Mtafiti_Kilifi alijibu:

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Nitaongeza jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni ridhaa na umiliki, kwa kuwa majopo ya siku hizi hulitazama kwa ukali zaidi kuliko zamani.

Kwetu mtafiti hawezi kuingia uwandani bila kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na tangu mwaka 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijadi, inayotambua kwamba jamii ndiyo mwenye mali. Kwa hiyo andiko la ngoma lisilosema jamii itanufaikaje na nani atakuwa na haki ya kurusha rekodi hurudishwa hata kama swali lake la utafiti ni zuri. Kwenu Tanzania taratibu ni tofauti, lakini hoja ni hiyohiyo. Sheria yenu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha na sauti za watu mtakazozihifadhi. Yataje yote mawili katika sehemu ya maadili, na useme rekodi zitakaa wapi, nani ataruhusiwa kuzisikiliza, na kikundi kitapewa nakala kwa umbo lipi. Nakala ya diski kwa watu wasio na kompyuta ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba isiyo yake. Kadi ya kumbukumbu inayoingia kwenye simu itawafaa zaidi.

Kwa Wagogo, kama kwa Wamijikenda wetu, ngoma nyingine zina uhusiano na jando na unyago, na si kila wimbo ni wa kurekodiwa. Tumejifunza hilo katika kazi za kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambazo mila zake ziliandikishwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka: wazee hukubali kwa moyo mkunjufu wageni waone baadhi ya mambo, na kwa moyo uleule hukataa mengine. Andika wazi katika andiko kwamba wapigaji watakuwa na haki ya kuondoa wimbo au mpigo wowote katika onyesho hata siku ya mwisho ya mazoezi, na uache nafasi katika mpango wako kwa jambo hilo kutokea.

---

MpigaZeze_Bagamoyo alijibu:

Nimewasoma wote kwa makini, na ninashukuru kwamba kwa mara ya kwanza ninaona watu wa vyuo wakijadili malipo ya wasanii kabla ya safari. Mimi ni msanii, nimesomea sanaa na ninaishi kwa sanaa, na nimewahi kupiga katika miradi ya vyuo zaidi ya mmoja. Jambo moja linanisumbua katika ushauri wa ndugu wa hesabu. Mkataba wa “mtoa huduma” unatatua tatizo la mkaguzi, lakini unamweka mama wa muheme katika daraja moja na mwenye gari la kukodi. Amelipwa, ameondoka. Makala itakapotoka, jina lake litakuwa katika aya ya shukrani, pamoja na dereva.

Ikiwa mwalimu anasema kweli kwamba onyesho litatungwa pamoja nao, basi utunzi ni wao pia, na hilo lionekane katika andiko, si katika hotuba ya ufunguzi.

---

Hesabu_za_Miradi alijibu:

Hoja ya MpigaZeze ni ya haki, ila tusichanganye mikataba miwili. Mkataba wa malipo ni wa huduma kwa sababu fedha za umma hazina njia nyingine inayofaa ya kumlipa msanii asiye mtumishi kwa kazi ya namna hii. Utunzi na haki zake huandikwa katika hati tofauti ya makubaliano, inayotiwa sahihi na chuo, mtafiti na kikundi. Hati hiyo haina gharama, kwa hiyo haihitaji kifungu cha bajeti, isipokuwa nauli ya kwenda kuisoma mbele ya kikundi kwa Kigogo na kwa Kiswahili.

---

MhadhiriMsaidizi_Sanaa aliandika:

Ninawashukuru sana, na hasa kwa swali la uwanja na jukwaa, ambalo nimekuwa nikiliishi bila kulitamka. Nimebakiwa na mkwamo mmoja uliotokana na hoja ya MpigaZeze. Fomu ya chuo chetu ina jedwali la watafiti, na kila mtafiti mwenza anatakiwa kuwa na namba ya utumishi, shahada na wasifu wa kitaaluma. Ningependa kiongozi wa kikundi aingie humo, lakini mfumo wa maombi haukubali nafasi iliyo wazi. Je, nimwache nje ya jedwali? Na kibali cha kwenda uwandani nikiombe COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, au kwingine?

---

MzeeWaJukwaa alijibu:

Kibali kwanza, maana ni jepesi. Kwa mtumishi anayefanya utafiti wa chuo chake, vyuo vikuu vyetu vikubwa vya umma vina mamlaka ya kumpa barua ya kibali kupitia kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Thibitisha na kurugenzi yenu ya utafiti kwamba kwenu ni hivyo. Barua huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na kutoka hapo hushuka wilayani na kijijini. Kama kutakuwa na onyesho la kiingilio au filamu ya kuonyeshwa hadharani, hapo ndipo Baraza la Sanaa la Taifa na Bodi ya Filamu huingia.

Kuhusu jedwali, usimlazimishe mama huyo kwenye safu zisizomfaa, na usijaze “hakuna shahada” mbele ya jina lake, maana msomaji mvivu atasoma hapo tu. Jedwali la watafiti libaki na watumishi. Katika sehemu ya mbinu, fungua kifungu kidogo chenye kichwa “Watunzi wenza”, uandike jina lake kwa idhini yake, miaka ambayo ameongoza kikundi, ngoma anazozimudu, waliomfundisha na aliowafundisha. Huo ndio wasifu wake wa kitaaluma, na ukiuandika kwa uzito uleule unaouandika wa kwako, jopo litausoma kwa uzito huo. Katika sehemu ya matokeo tarajiwa, ahidi kwamba onyesho na rekodi zitabeba majina ya watunzi wote, na kwamba makala moja angalau itakuwa na jina lake katika safu ya waandishi iwapo maelezo yake ndiyo yaliyoijenga hoja. Majarida hayadai namba ya utumishi.

Kisha nenda kwa mkurugenzi wa utafiti, kabla ya tarehe ya mwisho, ukiwa na fomu mkononi, umwombe akuongezee mfumoni nafasi ya mshirika kutoka nje ya chuo. Watu wa kilimo huomba nafasi hiyo kwa ajili ya wakulima wao na hupewa. Ukiambiwa haiwezekani, muulize wao waliingizwaje.

Ukimaliza kuandika, tuma hapa kurasa mbili za mwanzo bila majina ya watu na bila jina la kijiji, nizisome kama ninavyosoma nikiwa kikaoni.